Aliyekula kuku wako ni nani? Soma alama kwanza, ndipo uzibe tundu

Somo la leo ni wanyama pori wanaotumalizia kuku, bata na mbuzi huku kwetu Kigoma. Vijana wengi wakipata hasara huuliza kitu kimoja tu: "Afisa, niweke sumu gani?" Na mimi huwarudishia swali: aliyekula ni nani? Kama hujui, utanunua taa wakati tatizo ni upenyo chini ya paa, au utamsingizia chui kumbe ni mbwa wa mtaani.

Kwa hiyo asubuhi ukikuta mizoga, usifagie kwanza. Piga picha, zunguka banda, angalia chini na juu.

Tuanze na kuku. Wamekufa usiku, wengi kwa mkupuo, wameng'atwa shingo au kichwa, na nyama iliyoliwa ni kidogo tu? Hapo fikiria kanu au kicheche. Ndani ya banda kuku hawana pa kukimbilia, wanapiga kelele na kurukaruka, naye anaendelea kuua hata akiwa ameshiba. Ndiyo maana usiku mmoja unaweza kukumaliza mtaji. Kanu anapanda ukuta na mti bila shida, na hapa ndipo wengi tunapokosea: tunaziba chini vizuri, halafu kati ya ukuta na paa tunaacha wazi "kwa ajili ya hewa". Hewa ipite, ila ipitie kwenye wavu mgumu wa chuma wenye matundu ya nusu inchi. Kumbuka kwamba kichwa chake kikipita, na mwili unapita. Wavu mwembamba wa kuku unawazuia kuku wasitoke, lakini mbwa mwenye njaa anauchana.

Chini, fukia wavu sentimita 30 hivi, kisha ukunje kuelekea nje kwa kiasi hichohicho. Mchimbaji huanzia pale ukuta unapogusa ardhi. Akikutana na wavu hana akili ya kurudi nyuma hatua mbili aanzie huko.

Mayai na vifaranga vikipotea mchana, hao ni wengine. Nguchiro huvunja yai na kukuachia maganda. Kenge humeza yai zima, huoni kitu. Kwa wafugaji wa Kibirizi, Katonga, Ilagala na popote karibu na maji, kenge ndiye wa kuchunguza mapema: kwenye mchanga utaona alama ya mkia ikipita katikati ya nyayo. Fyeka vichaka kuzunguka banda, pandisha viota juu ya ardhi, na vifaranga wasizurure hadi wapate nguvu ya kukimbia. Nyavu za dagaa zilizochakaa ni nzuri sana kuzitandaza juu ya uwanja wao kuzuia mwewe, tena huku kwetu hazikosekani. Lakini usizifanye ukuta, jino la nguchiro halisumbuki nazo.

Sasa mbuzi. Wakiwa wameumia kadhaa, wameraruliwa mapaja na masikio na hawajaliwa sana, hao ni mbwa. Mtafute mwenye mbwa, na mtendaji wa kijiji ajue. Chui hukaba koo, kisha huburuta mzoga kichakani au kuupandisha mtini. Fisi hutafuna hadi mifupa, unabaki na mabaki kidogo. Nyayo pia zinasema: za fisi na mbwa zinaonyesha kucha, za chui hazionyeshi kwa sababu huzificha akitembea. Na kitoto kikitoweka bila damu wala manyoya, tafuta chatu jirani, maana akishameza hana mbio. Walio upande wa Mwamgongo na Mtanga, kwa kupakana na Gombe, waongeze nyani kwenye orodha, na yule anakuja mchana mchungaji akisinzia. Ukinywesha mbuzi Malagarasi, chota maji uwawekee kwenye beseni mbali na ukingo. Mamba hana somo refu.

Banda la mbuzi la kuinua, sakafu mita 1 au zaidi kutoka ardhini, linasaidia usafi na ulinzi, mradi lina paa. Zizi lisilo na paa kwa chui ni sahani. Zungushia uzio nafasi ya chini pia, miguu ya vitoto isining'inie kwenye mapengo.

Taa zinazowakawaka zina historia nzuri: Richard Turere, kijana wa Kimasai aliyeishi jirani na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, alizitengeneza akiwa mtoto ili kufukuza simba. Mimi nazikubali kama nyongeza, kwa sababu mnyama huzoea. Zihamishe mara kwa mara. Na panga ulinzi kwa kalenda ya ziwa: wakati wa giza wanaume wengi wa mwaloni wako majini na dagaa, nyumbani kumebaki watoto waliolala. Usiku huo ndio wa kuhakikisha komeo limefungwa.

Sumu kwenye mzoga, hapana. Itaua tai, mbwa wako mlinzi, na pengine kuku wa jirani atakayeishia kwenye sufuria. Tena wanyamapori wako chini ya Sheria Na. 5 ya 2009, na kuua bila kibali ni kesi. Chui au fisi akishambulia, toa taarifa siku hiyohiyo kijijini na kwa afisa wanyamapori wa wilaya, mzoga na nyayo vikiwa bado havijaguswa. Zipo kanuni za kifuta jasho za mwaka 2011 kwa hasara za wanyama hatari. Fedha hiyo si bei kamili ya mbuzi, na kwa kuku walioliwa na kanu usiitegemee, ila bila taarifa na ushahidi hata hiyo kidogo huioni.