Somo la Makatibu: Ruhusa za Kuingia Katika Ruta ya Chama



Hakuna chama kinachojiheshimu kitakachomkabidhi mtu mmoja funguo zote za kasha la fedha. Hundi nayo haitoki kwa saini moja. Lakini kile kijisanduku chenye taa kilichowekwa juu ya kabati la majalada, ambamo hupita taarifa za mizani, malipo ya wakulima na mawasiliano na benki, mara nyingi kina ufunguo mmoja tu, na ufunguo wenyewe umo kichwani mwa fundi aliyekuja kukifunga akaenda zake. Somo letu la leo lahusu kijisanduku hicho, yaani ruta.

Kwanza tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa sana. Neno la siri la Wi-Fi, ambalo karani humpa mgeni aliyekuja ofisini, humwezesha mtu kutumia intaneti tu. Akaunti ya ruta ni jambo jingine kabisa. Aliye nayo aweza kubadili njia za mawasiliano, kuwafungia wengine, hata kuyapeleka mawasiliano ya chama mahali pasipojulikana. Wa kwanza amekaribishwa barazani. Wa pili yumo ghalani.

Hatari ya kuacha ruta kama ilivyotoka kiwandani si ya kubuni. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai ilienea duniani kwa kujaribu orodha ya majina na maneno ya siri yapatayo sitini, yale yale yanayowekwa na viwanda katika kamera na ruta. Haikuhitaji ujanja zaidi ya huo. Mwezi Oktoba mwaka huo vyombo vilivyotekwa vilitumiwa kuielemea kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti nyingi mashuhuri zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, imekataza kwa sheria kuuzwa kwa vyombo vya namna hiyo vyenye neno moja la siri kwa vyote.

Tuchukue mfano wa ruta za MikroTik, zitokazo Latvia, kwa kuwa zimeenea katika ofisi ndogo. Kwa miaka mingi zilitoka kiwandani na mtumiaji mmoja aitwaye admin, asiye na neno la siri lolote. Zilizotoka karibuni zina neno lake lililochapwa kwenye kibandiko. Kwa vyovyote, kazi ya kwanza ni kuunda akaunti mpya yenye jina la mtu halisi, kuijaribu, kisha kuiondoa ile ya admin. Majina ya watu yana maana yake: kumbukumbu za ruta huandika nani aliingia, saa ngapi na kutoka wapi. Watu watatu wakitumia akaunti moja, kumbukumbu hizo hazimwambii mkaguzi chochote.

Ruta hizi zina makundi matatu ya ruhusa yaliyo tayari. Kundi la full lina mamlaka yote. Kundi la write laweza kubadili mipangilio, lakini haliwezi kuongeza wala kuondoa watumiaji. Kundi la read hutazama tu. Walakini, kwa jinsi lilivyopangwa, laweza pia kuizima na kuiwasha upya ruta, jambo ambalo wengi hawalitarajii. Kwa maoni yetu, fundi anayekuja mara kwa mara yamtosha write, na karani read. Full iwe ya katibu na mtu mwingine mmoja aliyeteuliwa na halmashauri. Mwenyekiti hapewi akaunti kwa sababu ya cheo chake. Anapewa kama ana kazi nayo.

Kila akaunti yaweza pia kufungiwa anwani, ili ikubaliwe kutoka kompyuta za ofisini peke yake. Msilipuuze jambo hili. Mwaka 2018 iligunduliwa kasoro iliyowawezesha wageni kuisoma orodha ya watumiaji wa ruta hizo bila kujua neno lolote la siri. Kampuni ilitoa marekebisho mwezi Aprili mwaka huo huo, lakini ambao hawakuyaweka waliendelea kuvamiwa kwa miezi mingi, na baadhi ya ruta zikatumiwa kuchuma sarafu za kompyuta kwa faida ya watu wengine. Ruta ambayo mlango wake wa usimamizi haukuwa wazi kwa intaneti haikufikiwa kwa njia hiyo kutoka nje.

Yabaki makabidhiano, na hapa ndipo vyama huumia. Katibu akimaliza muda wake, au mkataba wa fundi ukiisha, akaunti yake ifungwe siku hiyo hiyo na jambo hilo liandikwe katika hati ya makabidhiano pamoja na leja na mihuri. Neno la siri la full liwekwe katika bahasha iliyotiwa lakiri ndani ya kasha. Bahasha ikifunguliwa, sababu iandikwe katika muhtasari na neno libadilishwe.

Neno hilo likipotea, hakuna njia ya kulirudisha. Ruta itabidi irejeshwe katika hali ya kiwandani kwa kitufe, na mipangilio yote itafutika. Kwa hiyo hifadhini nakala ya mipangilio nje ya ruta, mkijua kwamba nakala ya maandishi inayotolewa kwa amri ya export haichukui maneno ya siri ya watumiaji.