Karatasi ya Chama: Panga Pesa Ijipange Nukta kwa Nukta

Chama chenu kinachangia ploti Kitengela, ama pengine ng'ombe wa kunenepesha kule Kajiado, na michango yote inaingia kwa simu. Mwisho wa mwezi wewe mweka hazina uko saiba, unanakili kutoka kwa taarifa yako, unachapisha. Kwenye mkutano mama mmoja anauliza: "Mbona mimi nimetoa 15,000 na huyu wa 1,500.00 anaonekana amenipita?" Pesa iko yote. Ni karatasi tu, lakini kwa chama swali la pesa halilali mapema.

Wengi wetu husukuma tarakimu kwa kubonyeza nafasi, nafasi, nafasi. Haitakubali. Herufi m ni nene kuliko i, kwa hivyo kila jina linaishia mahali pake, na nafasi moja ni nyembamba kuliko tarakimu. Kwenye skrini unaona sawa, ukibadilisha fonti kila kitu kinatawanyika.

Kwenye Word, futa nafasi hizo zote na kati ya jina na pesa bonyeza Tab mara moja tu. Fungua View, weka alama kwa Ruler. Chagua mistari yote. Kona ya kushoto ya rula kuna kisanduku kidogo: kibofye mpaka kionyeshe kijimstari kilichosimama chenye nukta kando. Sasa bofya kwenye rula pale unapotaka nukta zisimame. Hata 15,000 isiyo na senti itaishia pale nukta yake ingekuwa. Ndani ya jedwali hata Tab huhitaji, seli inajipanga yenyewe. LibreOffice Writer pia inayo. Google Docs haina, huko tumia Tab ya kulia na uandike.00 kwa kila kiasi.

Kuna kompyuta za mtumba zimekuja na mipangilio ya Ujerumani, ambako koma ndiyo hutenga senti. Ukiona tarakimu zinajipanga kwenye koma, badilisha eneo liwe Kenya kwenye mipangilio ya Windows.

Kabla ya kuchapisha, linganisha jumla na salio la simu. Acha nambari za miamala ili kila mtu ahakikishe yake, lakini namba za simu za wanachama zifute. Karatasi za mkutano huishia kufungia mandazi.