Seva Mpya, Barua Kwenye Taka: Maswali na Majibu

Ofisi imeboresha seva ya barua pepe usiku. Asubuhi wateja wanasema hawajapata ankara, kumbe zimelala kwenye folda ya taka. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa mara nyingi.

Swali: Barua zetu ni zilezile. Kwa nini leo zihesabiwe taka?

Jibu: Seva inayopokea humkagua anayebisha hodi kabla ya kusoma alicholeta. Mashine mpya ina anwani mpya ya IP, pengine na jina jipya. Kwake wewe ni mgeni anayetumia jina la mtu anayemfahamu.

Swali: Nianzie wapi?

Jibu: Usiguse chochote kwanza. Jitumie barua kwenye akaunti ya Gmail, kisha fungua barua asilia. Juu kabisa utaona SPF, DKIM na DMARC, yaani kaguzi tatu za kuthibitisha anayetuma, na kama kila moja imepita au imefeli.

Swali: SPF imefeli.

Jibu: Hii ni rekodi ya DNS inayotaja seva zenye ruhusa ya kutuma kwa jina la kikoa chako. Ongeza anwani mpya. Chunguza pia IPv6: huenda imewashwa na mfumo mpya, na barua zinatoka kwa anwani isiyotajwa. Rekodi ya SPF iwe moja tu. Zikiwa mbili, ukaguzi unafeli.

Swali: DKIM haionekani kabisa.

Jibu: Barua zinatoka bila saini. Soma logi: ama programu ya kutia saini haikuwaka, ama imenyimwa ruhusa ya kusoma ufunguo wa siri. Ukitengeneza ufunguo mpya, badilisha pia ule wa wazi ulioko kwenye DNS.

Swali: Zote zimepita, lakini barua bado zinaangukia taka.

Jibu: Kagua rekodi ya PTR. Anwani ya IP itaje jina la seva, na jina hilo lirudi kwenye anwani ileile. Aliyekukodishia anwani ndiye wa kuirekebisha. Kisha itafute anwani hiyo kwenye orodha za Spamhaus, maana huenda umerithi madhambi ya mpangaji aliyetangulia. Anwani ikiwa safi, anza kwa barua chache, uongeze siku hadi siku. Tangu Februari 2024, Google inamtaka anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail awe na SPF, DKIM na DMARC, na malalamiko ya taka yasifike asilimia 0.3.

Swali: Nitajikingaje safari ijayo?

Jibu: Tangaza anwani mpya kwenye SPF siku moja au mbili kabla ya kuhama, kwa kuwa rekodi za zamani hubaki kwa muda kwenye kumbukumbu za seva nyingine. Mgeni aliyetajwa mapema hufunguliwa mlango.