Lignini Katika Mabua ya Busia: Istilahi na Maslahi ya Mkulima

1.0 Utangulizi
Baada ya mavuno, mashamba ya Busia na Malaba hubaki na mabua ya mahindi na vijiti vya mihogo, nayo miwa ikishakamuliwa huacha makapi. Sehemu ya mabaki hayo hulishwa mifugo, sehemu huchomwa. Ndani yake mna lignini, dutu inayolipa bua ugumu wake. Makala haya yanajadili namna ya kuieleza dutu hiyo kwa Kiswahili, kwa kuwa mjadala wa kuitumia viwandani huendeshwa zaidi kwa Kiingereza, ilhali mwenye mabua yuko shambani.

2.0 Dhana ya Lignini
Ukuta wa seli ya mmea waweza kulinganishwa na nguzo ya zege: selulosi ni vyuma, lignini ni saruji inayovishika. Saruji hiyo imejaa pete za kaboni sita, aina ambayo viwanda huipata kwa wingi katika petroli. Ikivunjwa kwa joto, alkali au vimeng'enya, hutoa fenoli za kutengenezea gundi, pamoja na vanilini, kiungo chenye ladha ya vanila. Nchini Norway, kampuni ya Borregaard hutengeneza vanilini kutokana na lignini ya miti. Tatizo ni kwamba vifungo vya lignini havifanani. Hivyo, huvunjika kuwa mchanganyiko ambao ni ghali kuutenganisha. Ndiyo sababu mara nyingi huchomwa tu ili kupata mvuke.

3.0 Uteuzi wa Istilahi
Tukizingatia vigezo vya PEGITOSKA vya Kiingi (1989), neno "lignini" linakidhi usahihi na ukimataifa, lakini halina uangavu. "Gundi ya bua" ina uangavu, ila inapotosha: lignini imo katika miti pia, na msikilizaji aweza kudhani inatajwa gundi iliyotengenezwa kwa mabua, ambayo ni zao jingine kabisa.

4.0 Hitimisho
Ni rai yetu kwamba istilahi ibaki "lignini", na fasili yake ijengwe kwa maneno ya shambani: bua, kapi, saruji. Mkulima asiyejua kilichomo ndani ya bua hawezi kupatana bei yake. Aidha, hawezi kupima kama amuuzie mnunuzi au aliache lioze, lirutubishe udongo wake.