Ditekta Ikilia, Usikimbilie Sururu

Kwenye udongo mwekundu wa Lupa, wilayani Chunya, watu wanasaka dhahabu tangu miaka ya 1920. Siku hizi ditekta, mashine za kutambua metali, hulia huko kutwa nzima, na sehemu kubwa ya kelele hizo ni takataka. Mashine inakwambia kuna kitu. Ni kitu gani? Hapo tega sikio.

1. Kwanza isawazishe na ardhi. Inua na ushushe koili, ile sahani ya chini, mpaka mvumo wa mashine utulie. Uache mwembamba, kama mbu aliye chumba cha pili. Punje ndogo, au kipande kilicho chini sana, havipigi kelele. Vinautikisa tu ule mvumo kidogo. Bila vipokea sauti masikioni utavipita.

2. Pitisha koili kushoto na kulia, kisha zunguka upitishe kwa kukata msalaba. Mlio wa dhahabu mara nyingi ni laini, na unajirudia vilevile kila upande. Msumari wenye kutu una kigugumizi: unalia mara mbili, ukigeuka unanyamaza. Ila usijiamini sana, maana chuma kikubwa kilicho chini nacho huimba vizuri tu.

3. Unashuku jiwe? Yapo mawe meusi, mazito, yenye madini ya chuma, yanayodanganya hata wazoefu. Inua koili sentimita chache. Sauti ya jiwe mara nyingi hukatika ghafla, ya metali hufifia taratibu.

4. Kwangua udongo wa juu kwa kiatu, usikilize tena. Mlio ukihama, mara nyingi ni taka ya juujuu. Ukizidi kukolea, chimba. Na ukiusikia bado uko chini ya changarawe ngumu isiyowahi kuguswa, hapo moyo una haki ya kudunda: kizibo cha soda hakijifukii chenyewe.

5. Funga sumaku kwenye mpini wa sururu. Dhahabu hainaswi na sumaku. Misumari na vipande vya mabati hunaswa.

6. Risasi ya bunduki na vipande vya alumini hulia kama dhahabu, na sijaona dawa yake. Kitufe cha kuchuja chuma hakisaidii hapo, na kwenye ardhi yenye chuma kingi kinaweza hata kukufichia dhahabu yenyewe. Mlio laini, chimba. Nimeshachimba vizibo kwa matumaini ya kujenga nyumba, na bado nachimba.

7. Usiingie eneo lenye leseni ya mtu bila ruhusa yake. Na ukimaliza, fukia shimo. Ng'ombe wa mfugaji akivunjika mguu humo, fidia itameza chote ulichookota.