Kufundisha Uwiano kwa Mota ya Mtumbwi

Mwalimu wa hesabu afundishaye katikati ya jiji la Dar es Salaam hana haja ya kwenda mbali kutafuta mifano. Mitaa ya Kariakoo imejaa mikokoteni, na si mbali kutoka hapo, katika soko la Feri, wavuvi hupakua samaki. Katika makala haya tunaonyesha jinsi swali moja la mvuvi liwezavyo kufundisha uwiano katika madarasa ya juu ya shule ya msingi: mtumbwi wake wafaa mota ya umeme ya nguvu gani?

Swali hili si la mchezo. Mota dhaifu hushindwa na upepo wa kusi na mkondo wa maji. Mota kubwa mno humla mvuvi mtaji wake na kumaliza betri upesi. Tuwaeleze wanafunzi tangu mwanzo kwamba mota hizi ndogo ni za maji yaliyotulia, kama yale ya mikono ya bahari, wala si za bahari kuu.

Hatua ya kwanza: mzigo

Tuanze na mkokoteni. Jina lenyewe la Kariakoo latokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, 1914–1918. Na hadi leo kubeba mizigo ni kazi ya mitaa hiyo. Tuwaulize wanafunzi: mkokoteni mtupu husukumwa na watu wangapi? Ukijaa magunia je? Wenyewe watasema kwamba nguvu hufuata mzigo.

Hatua ya pili: jaribio

Zana ni beseni pana la maji, kibao, uzi na vizibo vya soda. Kibao kielee, kivutwe kwa uzi upitao ukingoni mwa beseni, ukining'inizwa vizibo. Kisha tukipakie mawe, tukivute kwa vizibo vile vile. Wanafunzi wataona kwamba sasa chaenda polepole. Waongeze vizibo mpaka kiende kama awali.

Hatua ya tatu: hesabu

Kanuni ya makadirio itumiwayo ni kilo 1 ya msukumo kwa kila kilo 50 za chombo pamoja na mzigo wake wote. Tutoe mfano huu ubaoni:

Mtumbwi mtupu: kilo 180
Wavuvi wawili: kilo 140
Nyavu na barafu: kilo 50
Betri: kilo 30
Samaki: kilo 100
Jumla: kilo 500

Gawanya 500 kwa 50: msukumo ni kilo 10. Kwa ajili ya upepo na mkondo tuongeze nusu yake, iwe kilo 15. Lakini mota huandikwa msukumo wake kwa paundi, na kilo 1 ni paundi 2.2, basi twahitaji paundi 33. Dukani zikiwapo mota za paundi 30, 45 na 55, tutachagua ya 45. Mwanafunzi aliyepima mtumbwi mtupu atapata paundi 12 hivi. Asikemewe, bali aulizwe wavuvi watakaa wapi.

Hatua ya nne: betri

Tuseme mota hiyo, ikiendeshwa kwa nguvu zote, hutumia ampea 40, na betri ni ya volti 12, ampea-saa 100. Gawanya 100 kwa 40: saa mbili na nusu. Hata hivyo betri ya risasi huharibika upesi ikizoea kutumiwa kupita nusu yake. Kwa hiyo tuhesabu saa moja na robo tu. Nusu saa ya kwenda, nusu saa ya kurudi, robo saa ya akiba. Hapa wanafunzi wataona kwamba hesabu isiyofikiria safari ya kurudi humwacha mvuvi majini.

Onyo kwa mwalimu

Tusianze kwa kuandika kanuni ubaoni. Kanuni iliyotangulia jaribio hukaririwa. Iliyofuata jaribio hueleweka. Baada ya somo tuwape wanafunzi vyombo vingine vya uzito tofauti, wavikadirie kwa vikundi na kutetea majibu yao. Mwanafunzi atakayeuliza mtumbwi umebeba nini kabla ya kuuliza bei ya mota, huyo amelielewa somo.