Umbo la Mwili na Mazoezi

Watazame wanafunzi wenzako wakiwa mstarini. Umri wao ni karibu sawa, lakini wako warefu na wafupi, wembamba na wanene. Tofauti hizi hutokana na urithi, chakula, na wakati mwili unapoanza kukua upesi. Wasichana wengi hutangulia wavulana kwa miaka 2 hivi. Kumcheka mwenzako kwa umbo lake ni ujinga.

Wako watoto wanaoacha kula ili wapungue. Hilo ni kosa kubwa, kwani mifupa na misuli inayokua huhitaji chakula kila siku.

Umbo halionyeshi nguvu ya moyo. Moyo ni msuli, nao huimarishwa na mazoezi. Shirika la Afya Duniani hushauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi ya kuhemesha kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Kuruka kamba na kucheza rede ni mazoezi mazuri.

Jaribio: Weka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Hesabu mapigo kwa dakika 1. Kimbia papo hapo kwa dakika 2, kisha hesabu tena. Mapigo hurudi kuwa kama mwanzo baada ya dakika ngapi? Andika jibu lako, na urudie jaribio baada ya mwezi mmoja wa mazoezi.